Mwenye kanda ya "Karate na Ziwa" anitafute

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji wa Kakamega aliyewasuta watu wazima wanaokusanya filamu za kutisha majumbani. Aliutaja kwa jina mfululizo wa Friday the 13th, ule wa jitu lenye kinyago cheupe na panga. Alisema mawili. Kwanza, picha hizo zinafundisha ukatili. Pili, hata anayezipenda hana sababu ya kujaza diski kabatini, maana siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti.

Niliisoma barua hiyo kibandani, bisibisi mkononi. Mimi ni fundi wa televisheni na deki hapa Bondeni, Nakuru. Nina miaka 53, mvi ninazo, na kabatini kwangu mna filamu 12 za mfululizo huo katika diski 16. Nikajiona nimetajwa. Nilitaka kuliacha lipite, lakini hilo neno "kila kitu" limenikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Nianzie mbali kidogo, unistahimilie.

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la saba. Mjomba wangu alikuwa na nyumba ya video hapa Bondeni, chumba cha mabati chenye mabenchi sita, magunia dirishani ya kuzuia mwanga, televisheni ya inchi 20 juu ya meza ndefu, na deki moja iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono mithili ya bibi harusi. Kazi yangu ilikuwa mlangoni, kupokea shilingi mbili mbili. Mshahara wangu ulikuwa kuona picha bure. Mjomba alikuwa na sheria mbili tu: hakuna kuingia na miwa, na adhana ikisikika sauti inazimwa. Kwa hiyo kuna watu wengi sana niliowaona wakiuawa kimya kimya wakati wa magharibi.

Kanda ya filamu ya kwanza ya mfululizo huo ilikuwa ya E-180, yaani inabeba dakika 180. Mjomba alikuwa mtu wa hesabu. Kanda tupu zilikuwa ghali, kwa hiyo aliponakiliwa filamu aliomba zitiwe mbili kwa moja. Filamu hii ilitangulizwa na nyingine ya karate ya dakika 90 hivi. Ubavuni akaandika kwa kalamu nyekundu: KARATE NA ZIWA. Jina la Kiingereza hakulijali, na hata alipotafsiriwa halikumtisha. Ijumaa kwetu Bondeni ni siku ya kuoga mapema na kuvaa kanzu safi, na 13 ni namba inayokaa kati ya 12 na 14. Hofu ya Ijumaa ya tarehe 13 ni ya wenyewe huko. Sisi tulitishwa na maji.

Kwa ambao hawajaiona: kuna kambi ya watoto kando ya ziwa. Mwaka 1957 mtoto mmoja alizama hapo huku vijana waliopewa kazi ya kumwangalia wakiwa na mambo yao. Miaka inapita, kambi inataka kufunguliwa tena, na vijana wapya wanaanza kuuawa mmoja mmoja usiku wa mvua. Muuaji humwoni. Unaona mikono, unaona viatu, na kila anapokaribia unasikia mnong'ono: ki-ki-ki, ma-ma-ma. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mtunzi wa muziki, Harry Manfredini, alichukua maneno ya Kiingereza ya mtoto anayemwambia mamaye aue, akabakisha mwanzo wa neno la kuua na mwanzo wa neno la mama, akayatamka mwenyewe kwenye maikrofoni yenye mwangwi. Wazungu wengi huisikia vibaya wakadhani ni chi-chi-chi, ha-ha-ha. Sisi tulikuwa na mzee mmoja muuza kahawa, mteja wa benchi la mbele, ambaye siku ya kwanza kabisa, picha haijafika hata katikati, alisema: "Huyu anayeua ni mama wa mtu." Tulimcheka sana. Yule mama mwenye sweta alipojitokeza mwishoni, mzee hakusema neno. Alichukua birika lake akatoka.

(Mwigizaji wa huyo mama, Betsy Palmer, alisema bila kuficha kwamba alikubali kazi hiyo kwa sababu alihitaji pesa za gari jipya. Tangu nilipojua hilo nampenda zaidi.)

Sasa nifike kwenye mwisho, maana barua yote hii ni kwa ajili ya mwisho. Mama ameshashindwa, kumekucha. Stelingi wetu, dada mmoja mwenye nywele fupi, amelala ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa. Maji yametulia tuli. Muziki ni wa taratibu, wa kubembeleza. Polisi wamefika ufukweni wanampungia mkono, naye anainua kichwa kidogo... krrrrr. Theluji kwenye kioo. Dakika 180 zimekwisha, deki inajirudisha nyuma yenyewe.

Basi. Kwetu Nakuru hivyo ndivyo ilivyoisha. Kwa kuwa nilikuwa mlangoni kila siku, niliuona mwisho huo labda mara thelathini. Watu walitoka wakiwa wametulia, wengine wakijinyoosha kama waliotoka kulala. Nakumbuka mama mmoja muuza mboga aliyesema, "Angalau yule msichana alipumzika."

Filamu ya pili ilipofika tulichanganyikiwa kabisa, kwa sababu muuaji sasa ni Jason, yule mtoto aliyezama, tena ni mtu mzima, gunia kichwani. Ametoka wapi? Tulimuuliza Mjomba. Akafikiri, akasema: "Huyo ni ndugu yake mkubwa." Tukakubali, kwani mwenye deki ndiye mwenye elimu.

Ya tatu, ya 1982, ndiyo iliyoleta kinyago cha hoki, nasi watoto tukatengeneza vyetu kwa vifuniko vya ndoo za rangi, tukavitoboa kwa msumari wa moto. Cha kwangu kilikuwa kifuniko cha ndoo ya maji ya kunywa. Mama yangu hakuwa mtu wa kunong'ona ki-ki-ki, alikuja na mwiko moja kwa moja. Kitu kingine kilichotushangaza katika hiyo ya tatu ni kwamba kila mtu alikuwa ananyoosha kitu kuelekea kwetu: mti wa kuinulia kamba ya nguo, yo-yo, bisi zinazoruka, hadi jicho la mtu. Mjomba alisema Wamarekani hawana adabu. Hatukujua ilipigwa kwa ajili ya miwani maalum, ili vitu vionekane vikikujia usoni.

Mwaka 1988 niliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni. Kitanda cha juu yangu kilikuwa cha kijana wa Kisumu, mtoto wa Kondele, mwenye maneno mengi na sanduku lililojaa omena ya kukaanga. Usiku mmoja, taa zimezimwa, tukaanza kusimuliana picha. Nikasimulia Ziwa tangu mwanzo, kwa mbwembwe, mpaka mtumbwini. Nikanyamaza. Yeye akasubiri.

"Halafu?"

"Halafu imeisha."

"Omera, haijaisha. Mtoto anatoka ziwani."

Nikamuuliza mtoto gani. Akasema yule aliyezama, ameoza, ana tope mwili mzima, anaruka kutoka majini nyuma ya dada, anamkumbatia shingoni na kumvuta chini. Akasema aliiona kwa macho yake katika nyumba ya video Kondele, na ukumbi mzima ulisimama, na tangu siku hiyo hajatia mguu majini Dunga, yeye aliyezaliwa karibu na ziwa na ambaye baba yake anauza samaki.

Nilimwambia yeye ni mwongo. Nilikuwa na mamlaka: nimeiona mara thelathini, deki ni ya Mjomba. Vijana wengine wawili wa Nakuru waliokuwa wameiona kwetu walinitolea ushahidi. Tukaweka dau la nyama ya Jumamosi kwa muhula mzima. Bweni likapiga kura, likamkuta na hatia. Muhula ulikuwa na Jumamosi 13, hesabu si yangu, na kila Jumamosi kijana huyo alinisogezea kipande chake cha nyama mezani bila kusema kitu. Nilikila. Na mafuta nikayaramba.

Mjomba alifunga biashara mwanzoni mwa miaka ya 90. Ukodishaji wa kanda ulikuwa umeenea, kila mwenye televisheni akajifanya ana sinema yake. Aliuza mabenchi kwa mwenye hoteli. Deki alinipa mimi, ndiyo iliyonifundisha ufundi, kwa kuifungua na kushindwa kuifunga. Kanda zote alizitia katika gunia la sukari akamuuzia mfanyabiashara mmoja aliyesema anazipeleka Mumias. Mjomba ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Jina la mnunuzi hakuliandika popote.

Sasa nifikie lile la ukatili.

Mwishoni mwa Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, Nakuru ilikuwa chini ya kafyu. Nilikuwa nimejifungia ndani na mke wangu na watoto wawili, godoro limeegemezwa dirishani. Nje kulikuwa na watu wenye mapanga ya kweli, na wengine niliwajua kwa majina. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipa shilingi mbili mlangoni kwangu. Walifundishwa na nani, msomaji wa Kakamega anajua, nami najua, tuiache hapo.

Usiku mmoja wa kafyu hiyo, watoto wamelala, sikuweza kufumba jicho. Nilikuwa na mashine ya DVD ya mteja, nimeimaliza siku ya vurugu kuanza naye hakuweza kuja kuichukua. Wateja wana tabia ya kusahau diski ndani. Nikafungua trei, nikakuta zile za mitaani, picha 12 kwa diski moja, zimebanwa mpaka nyuso za watu ni kama matofali. Ya nne kwenye orodha ilikuwa Ziwa. Nikaiweka bila sauti. Sijui kwa nini. Pengine nilitaka kitu ninachojua kitaishaje.

Mtumbwi ukafika. Maji tuli. Polisi wakapunga mkono. Nikawa nasubiri krrr.

Haikuja.

Alipotoka yule mtoto majini niliruka nikapiga jiko teke, sufuria ikaanguka. Mke wangu akakurupuka akaniuliza kwa sauti ya chini sana: "Wamefika?" Nikamwambia hapana, ni mtoto wa ziwani. Aliniangalia kwa muda mrefu.

Na baada ya hapo kuna sehemu nyingine, mhariri! Dada anaamka hospitalini anauliza kuhusu yule mtoto, polisi anasema hawakumpata mtoto yeyote, naye dada anajua yuko bado huko. Dakika chache tu, na filamu ya pili yote inaeleweka. Kwa miaka 22 Mjomba alikuwa ametudanganya na yule "ndugu mkubwa", bila hata kujua anadanganya.

Nikachukua simu. Kisumu siku hizo vocha zilikuwa adimu, nikampigia mimi yule kijana wa bweni. Tulikuwa hatujaongea tangu uchaguzi. Aliipokea mlio wa kwanza haujaisha, sauti ya mtu anayengoja msiba.

"Omera, kuna nini?"

"Kuna mtoto ziwani," nikamwambia.

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha nikamsikia akicheka, kicheko kinachokaribia kulia. "Nyama yangu," akasema.

Ndipo nilipoanza kukusanya. Baada ya kudhulumiwa dakika tano kwa miaka 22, mtu hawezi tena kuamini nakala yoyote hivi hivi. Nikaanza kuuliza kila filamu: hii ni nzima? Na jibu, kwa mfululizo huu, karibu kila mara ni hapana. Hata huko Marekani zilikatwa kabla ya kufika sinema, na matoleo ya nyumbani ndiyo yaliyorudisha baadhi ya vipande. Ya kwanza ilirudishiwa sekunde zake katika toleo la 2009, mshale unaomtoka shingoni mwigizaji Kevin Bacon, kabla hajawa mtu mkubwa, ukikaa kidogo zaidi. Ya saba, ya 1988, ndiyo iliyonyolewa vibaya kuliko zote, na vipande vyake vilivyookolewa ni vya kanda ya video, vimefifia, vina mistari, rangi zimemwagika. Mara ya kwanza kuviona nilicheka peke yangu. Kumbe hata wenye mali yao wamebaki na kanda chakavu kama zetu za Bondeni!

Msomaji wa Kakamega anaweza kuuliza kwa nini tunarudia zile zile 12. Ni kwa sababu baada ya filamu ya 12, ya 2009, hakukutoka nyingine kwa miaka mingi. Victor Miller, aliyeandika hadithi ya kwanza, alitumia kifungu cha sheria ya Marekani kinachomruhusu mwandishi kudai haki yake irudi baada ya miaka 35. Watayarishaji wakapinga wakisema alikuwa mwajiriwa wao tu. Mahakama ikampa Miller ushindi mwaka 2018, na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2021. Hadithi ya kwanza, hapo Marekani, ikawa ya huyu, na yale yaliyoongezwa baadaye, Jason mzima na kinyago chake, yakabaki na ugomvi wake. Kabla ya hapo tayari filamu nane za kwanza zilikuwa chini ya kampuni ya Paramount na zilizofuata zikaanzia kampuni ya New Line, ndiyo maana kuzipata zote 12 ndani ya kisanduku kimoja kulingoja hadi 2013. Ugomvi wa shamba la urithi, sisi hatuhitaji kuelezwa.

Kisanduku nilicho nacho ni cha 2020, cha kampuni ya Scream Factory. Shemeji yangu anayeishi Minnesota alikuja nacho Desemba 2022, amekizungushia soksi ndani ya sanduku lake kisivunjike. Nikakipakata. Nikatia diski ya kwanza mashineni. Mashine ikaitema.

Wenye filamu wameigawa dunia vipande vipande. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, sisi Afrika tuko B pamoja na Ulaya. Kwa DVD Marekani ni 1 na Kenya ni 5. Mashine za DVD zina huruma, nyingi unafungua trei, unabonyeza namba za siri kwenye rimoti, unachagua sifuri, inakula diski za dunia nzima. Nimezifungua nyingi hapa mjini kwa bei ya chai na mandazi. Za Blu-ray ni kaidi. Ikabidi shemeji aniagizie mashine ya Marekani yenyewe. Ilifika salama. Na mimi, fundi wa zaidi ya miaka 30, niliyewakemea wateja kwa kosa hilo hilo, kwa papara nikaichomeka ukutani moja kwa moja, mashine ya volti 120 kwenye stima ya 240. Ilitoa moshi mwembamba, harufu ya kapasita, ikakata roho. Mke wangu alisema ni Jason. Ya pili niliinunua kwa pesa zangu, na transfoma yake nimeipaka rangi nyekundu.

Tuko wachache mjini tunaoangalia pamoja: kinyozi wa Shabab, dereva wa tuktuk, na mwalimu mmoja wa kike wa Lanet ambaye ndiye anayejua kuliko sote. Mwalimu anashikilia kwamba filamu ya kweli ni ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo yenye sababu, mama na mtoto wake, na zilizobaki ni panga kutafuta shingo. Kinyozi anapenda ya sita, ya 1986, ambamo Jason anafufuliwa na radi. Ya tano hatuitetei, muuaji si Jason bali mtu aliyejifanya yeye, na kuna jioni tuligombana kama ihesabiwe au la mpaka chai ikapoa. Ya nane ina jina la kumpeleka Jason Manhattan lakini muda mwingi wako melini, na mitaa mingi inayoonekana ni ya Vancouver, Kanada. Kinyozi anasema ni kama matatu iliyoandikwa Kisumu ikakushusha Kericho. Shemeji alituletea pia toleo la ile ya tatu lenye miwani ya karatasi, jicho moja jekundu jingine la buluu. Tuliivaa kwa zamu. Mti wa kamba ya nguo ulipokuja usoni, dereva wa tuktuk alikwepa. Nikamkumbuka Mjomba na Wamarekani wasio na adabu.

Rafiki yangu wa Kisumu alikuja Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba 2023. Alishuka stendi na ngege wawili wakubwa ndani ya mfuko, ana kitambi sasa, ana wajukuu. Nilimnunulia nyama kilo nne, nikaikata vipande 13, nikamwekea mbele sahani moja kubwa. Alikula vitatu akashindwa. Akasema vilivyobaki nivitunze kama deni, atakuja kuvidai kila Ijumaa ya namna hiyo. Amefanya hivyo, na mwaka huu wa 2026 una Ijumaa tatu za tarehe 13, Februari, Machi na Novemba, kwa hiyo mfukoni nimeumia.

Usiku ule tuliangalia ya kwanza, safi, rangi zake zote, kwenye televisheni kubwa. Mtumbwi ukafika. Yeye akafumba macho, mtu mzima wa miaka 50, kwa sababu anajua kinachokuja. Mimi nilimwangalia yule dada na muziki ule wa kubembeleza, na nilichohisi, mhariri, ni kwamba nimemkosa. Wangu alikuwa mwingine. Wangu alilala mtumbwini kumekucha akapumzika, na krrr ikaja kumfunika kama shuka kabla chochote hakijamfikia. Nilimwambia rafiki yangu. Hakunicheka. Aliniuliza: "Hiyo ya kwenu, unayo? Mimi sijawahi kuona akiwa salama."

Sina.

Ndiyo maana nasema, ndugu yangu wa Kakamega, kila kitu hakiko huko unakosema. Nimetafuta. Filamu yenyewe leo ipo, mwezi ujao imeondolewa, kisha inarudi mahali pengine. Lakini Ziwa ya Mjomba hakuna aliyeipandisha popote. Najua ilikuwa nakala ya wizi, sijivunii hilo, na nimeshalipa mara tatu kwa nakala halali za filamu hiyo hiyo. Ninachotafuta ni ile moja tu.

Ikiwa kuna msomaji pande za Mumias, Kakamega, Bungoma au Busia ambaye yeye au mzazi wake aliwahi kuwa na nyumba ya video, au ana gunia la kanda kwenye dari, naomba apande aangalie. Ni kanda ya E-180, ubavuni kuna wino mwekundu, herufi kubwa, herufi ya Z imeandikwa kinyume kwa sababu Mjomba aliandika kwa mkono wa kushoto. Inaanza na karate. Nitalipa shilingi 3,000 na nauli ya mleta, na sitauliza iliibwa au ilinunuliwa. Mhariri anayo namba yangu, naomba awe kiungo.

Tafadhali usiijaribu kwenye deki yako kuona kama ni yenyewe. Ikiwa imeshika ukungu itachafua kichwa cha deki na utepe utakatika. Usiifute kwa kitambaa, usiianike juani. Itie tu kwenye mfuko mkavu, ije ilivyo. Deki nzima ninazo tatu.

Fundi wa Deki,
Bondeni, Nakuru